Mti Usio na Mgeni Rasmi

Nchi ninayotaka kuwasimulieni ipo. Jina lake siliandiki, si kwa woga, maana kwetu hakuna anayeogopa kitu, bali kwa sababu mwezi huu jina hilo liko mbele ya kamati inayochunguza kama bado linaendana na tabianchi. Kamati ikimaliza nitawaambieni. Kwa sasa iiteni nchi yetu tu. Sisi wenyewe ndivyo tunavyoiita tunapolalamika.

Mimi naitwa Fulgensi Kasubi, Afisa Mwandamizi wa Miti ya Sherehe katika Wizara ya Tabianchi, Mapambo na Itifaki. Nimeitumikia wizara miaka ishirini na mitatu bila kuchelewa hata sherehe moja. Kabla sijaendelea, niseme jambo ili msije mkalisikia kwa watu: nina wivu. Namwonea wivu mwanamke mmoja aitwaye Nyamizi, jirani yangu wa bondeni. Si wivu wa mapenzi, ambao hata mke wangu angeuelewa. Namwonea wivu kwa miti yake.

Mambo yalianza hivi. Zamani mvua za nchi yetu zilikuja Machi na kuondoka Mei, kama mgeni mwenye adabu. Baadaye zikaacha adabu. Mwaka mmoja hazikuja kabisa. Mwaka uliofuata zilikuja zote siku moja, zikabeba daraja, soko la ndizi na chumba cha mafaili cha wizara, pamoja na faili lenye mpango wa kuzuia mafuriko. Waziri wetu, Mheshimiwa Profesa Engelbati Sumwiki, alipanda juu ya gari la zimamoto akahutubia taifa.

"Ndugu wananchi! Mabadiliko ya tabianchi yametuchokoza, nasi tumeyaona! Nayapa onyo la mwisho! Tutapanda miti mpaka hewa yenyewe ije kuomba radhi!"

Tulipiga makofi tukiwa na maji magotini. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Wiki ya Mti.

Sasa, mti unahitaji shimo, na shimo la kusogelewa na Waziri si shimo la hivi hivi. Letu liko mbele ya ofisi ya wilaya. Limejengewa ukingo wa vigae vya rangi za taifa, lina ngazi mbili za kushukia na nafasi ya zulia. Lilikaguliwa na idara nane, ikiwemo ya zimamoto, ambayo ilithibitisha kwamba shimo haliwezi kuungua. Kuchimba lingine kungetaka idara zote nane zikae upya. Kwa hiyo kila mwaka, kwa miaka ishirini na mitatu, tumepanda mti katika shimo lile lile.

Mgeni rasmi hufika saa tano, ratiba ikiwa imesema saa tatu. Hushika jembe lililofungwa utepe, hugusa udongo mara tatu, humwagilia kidogo kwa kopo la shaba, hupigwa picha. Kisha tunasimika kibao cha chuma: MTI HUU ULIPANDWA NA MHESHIMIWA, na cheo chake na tarehe. Jioni ya siku hiyo hiyo huja mbuzi. Ni mbuzi mweupe wa mtendaji wa kata, na tarehe ya Wiki ya Mti anaijua kuliko watumishi wengi. Asubuhi shimo huwa tupu, safi, tayari kwa mwaka ujao. Vibao vyenyewe havijawahi kuliwa. Vimesimama ishirini na vitatu kuzunguka shimo, na kusema kweli jua likiwa kali huwa tunajibanza kwenye kivuli chake.

Msidhani hatufanyi hesabu. Nchi nzima, tukijumlisha na mikoani, tumepanda miche milioni sita. Iliyokufa hatuihesabu, kwa kuwa kifo ni jambo la faragha.

*

Nyamizi nilisoma naye chuo cha misitu. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani. Yeye alikuwa na tope kwenye daftari. Tuliajiriwa pamoja wizarani, akadumu miaka saba, mpaka siku alipoinua mkono katikati ya kikao cha maandalizi akauliza, "Samahani, Mwenyekiti. Ule wa mwaka jana uko wapi?"

Alihamishiwa nyumbani kwake.

Huko bondeni alikuwa na kiwanja cha bibi yake, chenye chemchemi iliyokuwa inakaribia kufa, tope tu na vyura wawili watatu. Alikata matawi ya mkuyu, akayachomeka kuizunguka. Hakuwa na vigae. Hakuwa na zulia. Hakuwa hata na spika! Nilimcheka, nakiri. Nilisimama kibarazani kwangu, ambako bonde lote linaonekana, nikacheka mpaka mke wangu akatoka kuuliza kulikoni.

Baada ya miaka kumi na mitano mikuyu ilikuwa arobaini na mmoja, minene, imekumbatiana juu, na chemchemi inatiririka hata kiangazi. Mitaa mitatu ilikuwa ikiteka maji pale, maana mabomba ya wilaya yako likizo tangu mwaka wa mafuriko. Saa nane mchana, bati langu likilia kwa joto, nilikuwa nawaona kuku wa Nyamizi wamejilaza chini ya mikuyu wametandaza mabawa, wanakula upepo. Kuku! Mimi afisa mwandamizi najipepea kwa ripoti ya mwaka. Ndege walipita juu ya paa langu bila hata kutua, wote wanaelekea kwake. Mke wangu, Mama Koleta, alikuwa akienda kuteka ndoo moja na kukaa saa mbili.

"Baba Koleta," aliniambia siku moja akiwa ameloa mpaka viwiko, uso umemnawiri, "kule kuna kaubaridi, mtu husikii hata hamu ya kurudi."

Maneno hayo yalinichoma. Nikaamua kupanda mkuyu wangu uani. Nilichimba shimo zuri, nikapanda, na kwa mazoea nikausimikia kibao, nikajipiga picha nao, nikaingia ndani. Ulikufa Alhamisi.

*

Ndipo ukaja ugeni kutoka nchi marafiki. Walikuwa wamesoma habari za miche yetu milioni sita na wakaomba kitu kidogo tu: waone mti mmoja, mmoja tu, uliozidi urefu wa mtu. Waziri aliniita ofisini kwake, akafunga mlango.

"Fulgensi, tuna mti?"

"Tuna miche milioni sita, Mheshimiwa."

"Nimeuliza mti."

Nikatazama zulia. Kisha, kwa mdomo wangu mwenyewe, nikataja bonde la Nyamizi.

Tuliwapeleka huko, tukapaita Eneo la Mfano Namba Moja. Kiongozi wao alikuwa mama mrefu mwenye buti za mpira. Aliingia kwenye ubaridi ule, akachota maji kwa kiganja, akanywa. Kupitia mkalimani akauliza ni nani aliyepanda. Waziri akajibu, "Serikali." Mama yule akaendelea kutazama huku na huku, mpaka Nyamizi akatokea kutoka nyuma ya nyumba, alikuwa anaosha vyombo, mikono imejaa povu. Akaulizwa yeye.

"Nimechomeka tu," Nyamizi alisema. "Kisha nikabaki nao."

Yule mama aliushika mkono wa Nyamizi, na povu lake, kwa mikono yake miwili, akaushikilia kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimesimama hapo kando na faili la wizara, nikanyoosha mkono wangu pia. Hakuuona. Niliurudisha polepole nikajifanya nakuna sikio. Ningependa kuwaambieni kwamba niliona fahari kwa ajili ya nchi yangu. Niliona kizunguzungu.

Wiki tatu baadaye ikaja barua. Bi Nyamizi alikuwa anaalikwa kwenye mkutano mkuu wa dunia wa tabianchi, asimame jukwaani, awaambie watu jinsi alivyofanya.

Waziri alitaka kwenda yeye. Mimi sikutaka kwenda popote. Nilitaka tu Nyamizi asiende. Siku mbili sikula. Siku ya tatu nikazifungua Kanuni za Upandaji, nikakikuta Kifungu cha Kumi na Nne, ambacho nilikiandika mwenyewe nikiwa kijana mwenye bidii. Kinasema: "Mti ni mmea uliopandwa na mgeni rasmi mbele ya mashahidi wasiopungua hamsini, walioketi." Kitu kingine chochote, hata kiwe na majani, ni kichaka.

Nilikimbia nacho hadi kwa Waziri. "Mheshimiwa, Nyamizi hana miti. Ana vichaka arobaini na kimoja."

Alisoma mara mbili, akanikumbatia. Halafu uso ukamshuka. "Lakini Fulgensi, na sisi basi hatuna miti."

"Tutaihalalisha, Mheshimiwa. Ing'olewe yote, kisha uipande wewe."

Wazo lilikuwa langu, sitamsingizia mtu. Na nilijua kwamba mkuyu wa miaka kumi na mitano haung'olewi ukaishi. Nilijua vizuri sana. Nilikuwa wa kwanza darasani.

*

Notisi niliipeleka mwenyewe. Nyamizi ananiita shemeji, kwa sababu ya urafiki wake na mke wangu. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, ungo mkononi, akanirudishia karatasi.

"Shemeji, wewe unajua."

"Ni sheria, Nyamizi."

"Sijasema sheria. Nimesema unajua."

Nikamwambia nina kikao, nikaondoka. Mgongo wangu wote ulikuwa unawaka mpaka nilipofika juu ya mlima.

Kazi ilifanyika kwa siku nne, kwa mashoka na greda. Itifaki hairuhusu mti kuwa mrefu kuliko anayeupanda, kwa hiyo kila mkuyu ulikatwa ukafika kifuani kwa Waziri, na Waziri wetu si mrefu. Ili isianguke mbele ya wapiga picha, tuliimwagia zege chini. Tulipanda arobaini tu. Wa arobaini na moja ulikuwa nyuma ya banda la kuku, na hakuna kifungu kinachoruhusu zulia kutandikwa kwenye kinyesi, hivyo tukauacha ubaki kichaka.

"Leo," Waziri alisema kwenye spika, akiwa amezungukwa na visiki vyenye utepe, "miti hii imezaliwa!"

Mashahidi mia moja, wote wameketi, walipiga makofi kwenye jua kali. Nyamizi hakupiga. Alikuwa akiokota majani yaliyobaki chini na kuyaweka kwenye ungo, sijui kwa nini.

Waziri alikwenda kwenye mkutano wa dunia na picha zake, akahutubia dakika arobaini. Aliporudi nilivishwa Nishani ya Jani la Shaba. Kwa siku tisa sikuwa na wivu na mtu yeyote duniani. Nilikula sahani mbili za wali kwa mlo mmoja. Nilitembea mtaani nikivuta shati ili nishani ionekane.

Siku ya kumi Mama Koleta alirudi kutoka kuteka maji. Alikuwa ametoka alfajiri na sasa ilikuwa saa sita. Aliitua ndoo mbele yangu. Ndani mlikuwa na maji ya kufika kifundo cha mguu, mekundu.

"Ndiyo hayo?" nikauliza.

"Ndiyo hayo. Ya kupikia ni haya, ya kuoga ni haya. Ya kunywa, kunywa nishani yako."

Chemchemi ilikuwa imekufa, isipokuwa uzi mmoja wa maji uliokuwa unatoka chini ya ule mkuyu wa banda la kuku. Mitaa mitatu ikapanga foleni nyuma ya uzi huo. Nyamizi ndiye aliyesimamia: kila nyumba ndoo moja, hakuna kuruka zamu. Nyumba yangu pia ilipewa ndoo moja. Hakuturuka hata siku moja, wala hakumtolea Mama Koleta neno la kejeli, na kwa hilo nilimchukia zaidi. Angalau angenitukana, tungekuwa sawa.

*

Miezi minne kabla ya Wiki ya Mti nilikwenda kukagua shimo, kama kanuni inavyotaka. Sikulikuta tupu. Katikati yake, kati ya vigae vya taifa, kulikuwa na kigingi cha mkuyu, kinene kama mkono wa mtoto, na majani mawili.

Nilirudi nyumbani mbio. Mama Koleta alikuwa anachambua mchele.

"Nimechomeka mimi," alisema hata kabla sijauliza. "Nyamizi kanikatia kwenye ule wa banda la kuku. Kang'oe, si kazi yako?"

Ni kweli ilikuwa kazi yangu. Kesho yake nilikwenda na jembe. Majani yalikuwa yamelegea kwa kiu, nikaona aibu kung'oa kitu kilicholegea. Nikasema nisubiri kisimame kwanza. Nikakimwagia maji ya kunyolea ndevu. Kikasimama.

Na hapo ndipo nilipoharibikiwa. Kutoka kibarazani nilikuwa naona ukingo wa bondeni, ambako Nyamizi alikuwa amechomeka vigingi vipya. Nilishuka nikajifanya napita. Kilichokuwa karibu na njia kilikuwa na majani sita. Kile cha shimoni kwetu kilikuwa na mawili! Sikuvumilia. Kuanzia siku hiyo nikawa naamka alfajiri kwenda foleni mwenyewe, mimi na nishani yangu, na kugawa ndoo ile: robo ya mti, iliyobaki ya nyumba. Bega la kulia likavimba. Mbuzi mweupe alipoanza kuzungukazunguka, niliving'oa vile vibao ishirini na vitatu vya waheshimiwa, nikavisimika upya kwa kubanana, uzio mzima. Mbuzi alivisoma akaondoka. Ilikuwa mara ya kwanza vibao vile kuufaa mti.

Kila siku nilijiambia nitang'oa kesho. Kila siku nilihesabu majani.

Asubuhi ya Wiki ya Mti bado nilikuwa najiambia hivyo, na jembe liko mkononi, msafara ulipoingia saa nne na nusu. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi yetu, Waziri aliwahi.

Alishuka, akakanyaga zulia, akapokea jembe la utepe, akateremka ngazi mbili. Akasimama.

"Fulgensi. Nini hiki shimoni kwangu?"

 Nikafikiri haraka. Nikisema amepanda Mama Koleta, ni kichaka, king'olewe. Nikisema Nyamizi, ni kichaka, king'olewe. Nikisema ni mimi niliyeamka alfajiri siku mia na ishirini, mimi si mgeni rasmi, ni kichaka vilevile. Jibu lililobaki lilikuwa moja, na lilipanda kooni kama dawa chungu.

"Ni ule wako wa mwaka jana, Mheshimiwa. Umeota."

Alinitazama kama niliyemtukana. "Umeota? Kwa idhini ya nani?"

"Wenyewe tu, Mheshimiwa."

Msaidizi wake alipekua ratiba kuanzia mwanzo hadi mwisho. Katika miaka ishirini na mitatu hakuna aliyewahi kuandaa utaratibu wa mti kuota. Mwaka jana tulipanda mkaratusi na huu ulikuwa mkuyu, lakini nilijua wizarani hakuna wa kuitofautisha. Waziri aliinama, akaligusa jani moja kwa kidole, taratibu, kama anayehofu litamuuma. Kisha akainuka, macho yamejaa machozi, akanyakua spika.

"Ndugu wananchi! Mti wangu! Mnauona? Watu waliuliza, iko wapi miti? Huu hapa! Mnadhani umekua kwa bahati? Nani alikuwa anaamka alfajiri? Nani alikuwa anabeba ndoo? Mimi! Kwa siri! Kwa bega hili!"

Akajipiga bega la kushoto. La kushoto! Langu lilikuwa la kulia na lilikuwa bado linauma. Na bado ilibidi nipige makofi, tena kwa nguvu, kwa sababu makofi yakilegea mtu angeweza kuuliza swali. Majani yale nilikuwa nayajua moja moja. Lile lililotoboka lilitobolewa na mdudu siku ya Jumanne, nikamtoa kwa mkono. Naye anapigwa picha nalo.

Nikatafuta uso wa mtu wa kunionea huruma. Safu ya mwisho kabisa, wamesimama maana viti vilikuwa vya mashahidi, niliwaona Mama Koleta na Nyamizi. Nyamizi alikuwa ananitazama mimi, si Waziri. Hakucheka.

Msafara ulipoondoka alikuja akasimama kando yangu, na ndoo yake mkononi.

"Inauma, shemeji?"

"Haiumi," nikasema.

"Huwa inauma mpaka kama saa kumi hivi. Kisha unakumbuka kwamba leo mti haujanyweshwa."

Nilitaka kumwomba radhi. Nilifungua mdomo, nikajikuta nauliza kile cha njiani kimefikisha majani mangapi. Akaniambia kumi na saba, akashuka zake bondeni.

Nilikaa kwenye ukingo wa vigae nikiwa na hasira za kutosha wilaya nzima. Wakakunja zulia, wakang'oa turubai, wakapakia viti. Kibao cha ishirini na nne kilikuwa kimesimikwa, herufi zinang'aa, jina si langu. Mbuzi mweupe alikuja akasimama mbali kidogo, anasubiri niondoke kama tunavyoondokaga miaka yote.

Saa kumi na dakika tano nikachukua ndoo. Wa Nyamizi una majani kumi na saba. Wangu, namaanisha wa Waziri, una kumi na mbili.